Umelipia Tovuti: Je, Msimbo Wake ni Mali Yako?

SOMO LA WIKI

Msomaji wa ukurasa huu huja kwanza kutafuta bei za pamba, dengu, choroko na ufuta. Leo, baada ya mazao, tunaiangalia bidhaa ambayo haiingii katika gunia wala haipandi juu ya mizani, lakini wafanyabiashara wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega wanazidi kuinunua. Bidhaa hiyo ni tovuti, pamoja na mifumo ya kompyuta inayoendesha biashara nyuma ya tovuti.

Mnunuzi wa dengu anataka wateja wake wa Dar es Salaam waone kiasi alichonacho ghalani. Mwenye nyumba ya wageni Lamadi anataka mtalii anayeingia Serengeti kwa lango la Ndabaka aweke chumba kabla hajafika. AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, inataka orodha ya wakulima na kilo zao ikae katika kompyuta badala ya daftari. Kila mmoja wao anamtafuta mtaalamu, wanapatana bei, malipo ya awali yanatumwa kwa simu na kazi inaanza. Swali ambalo wengi hawaliulizi ni hili: kazi ikikwisha, msimbo utakuwa wa nani?

Msimbo ni maandishi ambayo mtaalamu huyaandika ili kompyuta ifanye kazi. Mteja anaona kurasa, picha na vitufe. Nyuma ya hayo kuna maelfu ya mistari ya msimbo. Mistari hiyo ndiyo inayogombewa siku uhusiano unapoharibika. Mteja husema, "Nimekulipa, nipe vitu vyangu." Mtaalamu hujibu, "Mzee, umelipia kazi, hukununua msimbo." Wote wawili huwa wanasema wanachokiamini, na kama hakuna maandishi, wote wawili wanaweza kupata hasara.

Hasara hiyo ina majira yake. Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa kuanzia mwezi Mei. Mfumo ukifungwa wakati wakulima wamepanga foleni na pamba yao, hakuna muda wa kutafuta wakili wala wa kuandika mfumo mpya. Jambo hili hupatanwa kabla ya msimu, mezani, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

PLAU NA SHAMBA

Kwa mkulima wa Simiyu jambo hili si geni. Asiye na ng'ombe wa kulimia humwita mwenye ng'ombe na plau, wakapatana bei kwa ekari. Jioni shamba limelimwa na fedha zimelipwa. Matuta ni ya mwenye shamba. Plau inaondoka na mwenyewe, na kesho itakuwa kwa jirani. Hakuna mkulima anayedai plau kwa sababu amelipia ekari tatu.

Katika tovuti, plau na matuta vimechanganyika. Mtaalamu mzoefu hana haja ya kuanza kila kazi kutoka sifuri. Anacho kipande cha msimbo cha kusajili watumiaji, kingine cha kupokea malipo, kingine cha kutoa ripoti. Aliviandika miaka iliyopita na anavitumia kwa kila mteja. Hivyo ni plau yake. Kisha anaandika sehemu ambazo ni za mteja huyu peke yake: jinsi anavyopima, anavyokata unyevu, anavyolipa mawakala wake. Hayo ndiyo matuta. Mkataba mzuri unatenganisha vitu hivyo viwili kwa majina. Mkataba mbaya unaandika "mfumo" tu, na kila upande unaelewa unavyotaka.

VITU VINNE KATIKA NENO "TOVUTI"

Kabla ya kuzungumzia umiliki, mteja ajue kwamba analipia vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina mwenyewe.

Cha kwanza ni jina, ambalo wengi huliita domeni, kwa mfano jina linaloishia na .co.tz. Jina halinunuliwi moja kwa moja. Linasajiliwa kwa muda na kulipiwa upya. Mwenye haki nalo ni yule aliyeandikwa katika usajili. Mtaalamu akijiandika yeye, hata kama kwa nia njema ya kuharakisha kazi, mteja ameweka kibao cha duka lake katika jina la mtu mwingine.

Cha pili ni mahali tovuti inapokaa, yaani nafasi katika seva. Hiyo ni sawa na pango la fremu ya duka. Muhimu ni nani mwenye akaunti, nani anapokea bili, na nani ana neno la siri.

Cha tatu ni msimbo wenyewe. Hapa ndipo penye hakimiliki, na ndicho kiini cha somo hili.

Cha nne ni yaliyomo: maneno, picha, nembo, bei, na zaidi ya yote taarifa za watu. Orodha ya wakulima 800 pamoja na namba zao za simu na kilo walizouza inaweza kuwa na thamani kuliko msimbo wote. Tena hiyo si mali ya kuchezewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka wajibu kwa anayekusanya taarifa za watu na kwa anayezichakata kwa niaba yake. Mtaalamu anayetunza mfumo wa AMCOS anashika taarifa za wanachama kwa niaba ya chama. Hana ruhusa ya kuzibeba kwenda kwa mteja mwingine kwa sababu tu msimbo aliuandika yeye.

SHERIA INAANZIA WAPI

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne, unaolinda kazi za waandishi na wasanii, mwaka 1994. Miaka mitano baadaye ilitungwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inaweka programu za kompyuta katika kundi moja na vitabu na maandishi mengine. Kwa hiyo mistari ya msimbo inalindwa kama riwaya inavyolindwa, na ulinzi huanza kazi inapoandikwa. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania husaidia kuonyesha ushahidi, lakini haki yenyewe haingoji usajili.

Mambo matatu katika sheria hiyo yanamhusu mfanyabiashara.

Kwanza, haki huanzia kwa mtunzi. Aliyeandika ndiye wa kuanzia. Mwingine yeyote anayedai haki lazima aonyeshe imemfikiaje. Risiti ya malipo inathibitisha kwamba fedha zilitolewa. Haisemi ni haki ipi iliyohamishwa.

Pili, zipo haki za kiuchumi na haki za kimaadili. Za kiuchumi ni za kunakili, kusambaza, kurekebisha na kadhalika. Hizo zinaweza kuuzwa au kukodishwa. Za kimaadili zinahusu mtunzi kutambuliwa kwamba kazi ni yake na kazi kutoharibiwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Mkataba wa Berne unaziweka mbali na za kiuchumi, hivyo kuuza za kiuchumi hakuzifuti. Ndiyo maana jina la mtaalamu chini ya tovuti ni jambo la kuzungumza, si la kufutwa kimyakimya.

Tatu, hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoandikwa, hailindi wazo. Mnunuzi wa dengu aliyefikiria kupanga mawakala kwa vijiji hana hakimiliki katika wazo hilo, na mtaalamu aliyeliandika hana mamlaka ya kumzuia mwingine kuandika mfumo wake wa namna hiyo kwa maneno yake. Anayetaka wazo lisitoke nje anahitaji kipengele cha kutunza siri, na hicho ni kitu kingine kabisa.

Majibu ya sheria hubadilika ukivuka mpaka. Nchini Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wamepatana vinginevyo. Uingereza, chini ya sheria yao ya mwaka 1988, kazi ya mwajiriwa ni ya mwajiri, lakini kazi iliyoagizwa kwa fundi wa nje hubaki kwa fundi kama hakuna maandishi ya kuihamisha. Kazi ni ileile, malipo ni yaleyale, na mwenye mali anageuka. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Bariadi anayempa kazi mtaalamu wa Nairobi aandike katika mkataba ni sheria ya nchi gani itakayotumika na mgogoro utasikilizwa wapi.

MFANO WA M-PESA

Wapo watakaosema mambo haya ni ya nchi za mbali. Mfano mkubwa kuliko yote tunao katika simu zetu.

Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Kenya na Safaricom mwezi Machi mwaka 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Wateja waliiona kuwa ni mali ya Safaricom huko na ya Vodacom huku. Lakini mradi ulianzishwa na Vodafone ya Uingereza, kwa kuchangiwa fedha na idara ya serikali ya Uingereza ya maendeleo ya kimataifa, na programu ya mwanzo iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge kwa ajili ya Vodafone. Mwenye mali ya kiakili alikuwa Vodafone. Safaricom, iliyojenga mtandao wa mawakala na kuwashawishi mamilioni ya Wakenya, ilikuwa inatumia kwa leseni.

Kwa miaka mingi Safaricom ililipa ada kwa Vodafone kwa ajili ya mali hiyo. Katika miaka ya mwisho ada iliyotajwa hadharani ilikuwa asilimia 2 ya mapato ya M-Pesa kwa mwaka. Hata seva za kuendesha huduma zilikaa Ujerumani hadi mwaka 2015 zilipohamishiwa Kenya. Mwezi Aprili mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zilikamilisha ununuzi wa jina la M-Pesa, uendelezaji wa bidhaa na usaidizi wa mfumo kutoka Vodafone, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola za Marekani milioni 13.4. Ilichukua miaka 13 kutoka siku ya uzinduzi.

Mfano huu una mafunzo mawili, na yote yanafaa kwa duka dogo la Somanda.

Fundisho la kwanza: leseni si wizi wala si aibu. Safaricom isingeanza mwaka 2007 kwa gharama ile kama ingetakiwa kuumiliki mfumo mzima tangu siku ya kwanza. Ilianza kwa kutumia mali ya mwenzake, ikakuza biashara, na baadaye ikanunua. Masharti yalijulikana na ada ilihesabiwa.

Fundisho la pili: anayekuza biashara juu ya mali ya mwingine aingize gharama hiyo katika hesabu zake mapema. Kadiri biashara inavyokua ndivyo asilimia inavyokuwa fedha nyingi. Asilimia 2 ya mauzo madogo ni bei ya soda. Ya mauzo makubwa ni bei ya lori.

MKATABA UNAPOKAA KIMYA

M-Pesa ilikuwa na mikataba. Je, pale ambapo mkataba haukusema lolote? Hukumu moja ya London ya mwaka 1998 inajibu swali hilo vizuri. Robin Ray, mtaalamu wa muziki wa kale wa Ulaya, alipewa kazi na redio ya Classic FM kama mshauri wa nje. Alipanga na kuainisha maelfu ya nyimbo, na kazi yake ikaingizwa katika kompyuta ya redio ili kuchagua muziki wa kurusha. Alilipwa. Mkataba wa ushauri haukusema hakimiliki ni ya nani.

Redio ilipotaka kuwapa wenzao wa nchi nyingine orodha hiyo kibiashara, Ray alikwenda mahakamani, akashinda. Mahakama iliona kwamba hakimiliki ilibaki kwake. Redio ilikuwa na leseni ya kimya tu, ya kutumia kazi kwa matangazo yake ya Uingereza, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa lengo la pande zote walipopatana. Kupeleka nje ya nchi halikuwamo.

Kanuni iliyotumika ni hii: mkataba ukikaa kimya, mahakama hujaza pengo kwa kiasi kidogo kinachotosha, haitoi zaidi. Hukumu za Uingereza si amri kwa mahakama zetu, ila husomwa na huwa na uzito wa kushawishi. Kwa mteja wa Bariadi maana yake ni kwamba bila maandishi anaweza kubaki na ruhusa ya kutumia tovuti kwa duka lake lilelile, na kukwama siku anapotaka kufungua tawi, kuuza biashara, au kumpa mtaalamu mwingine kazi ya kuurekebisha mfumo.

AINA TATU ZA MAKUBALIANO NA BEI ZAKE

Tuchukue mfano wa kubuni. Mnunuzi wa dengu mjini Bariadi anataka tovuti na mfumo wa kuandikisha mizigo. Mtaalamu wa Mwanza anataja Sh 4,000,000. Bei hiyo ni ya nini hasa? Inaweza kuwa ya moja kati ya mambo matatu.

Aina ya kwanza ni leseni ya kawaida. Mteja anatumia; mtaalamu anabaki na msimbo na yuko huru kuwauzia wengine. Hii ndiyo bei ya chini, tuseme Sh 4,000,000 zilezile.

Aina ya pili ni leseni ya pekee. Mtaalamu anabaki mwenye msimbo, lakini anaahidi kutowapa wanunuzi wengine wa dengu katika mkoa wa Simiyu kwa muda fulani, labda miezi 24. Hapa mteja ananunua nafasi ya kutangulia wenzake, na nafasi hiyo ina bei.

Aina ya tatu ni hamisho kamili. Haki zote za kiuchumi katika msimbo ulioandikwa kwa ajili ya kazi hii zinahamia kwa mteja. Mtaalamu haruhusiwi kuutumia tena.

Sasa tufanye hesabu ya mtaalamu. Akiamini kwamba angeuza sehemu za msimbo huo kwa wateja wengine 3, kila mmoja kwa Sh 1,500,000, hamisho kamili linamnyima Sh 4,500,000. Akidai Sh 8,500,000 badala ya Sh 4,000,000, hajawa mroho, amejumlisha. Mteja anayedai umiliki wote kwa bei ya leseni anaomba plau kwa bei ya ekari.

Na hesabu ya mteja? Ajiulize anahitaji nini hasa. Wengi wanaosema "nataka iwe mali yangu" wanaogopa mambo matatu: mtaalamu kutoweka, mtaalamu kupandisha bei ya matengenezo, na mfumo kufungwa ghafla. Hofu hizo hazihitaji Sh 4,500,000 za ziada. Zinaondolewa na leseni ya kudumu isiyofutika baada ya malipo kukamilika, ruhusa ya kurekebisha au kumpa mtaalamu mwingine arekebishe, nakala kamili ya msimbo chanzo, na akaunti zote kuwa katika jina la mteja.

Hapo ndipo penye siri ya biashara hii. Mteja mwenye nakala ya msimbo, ruhusa ya kuurekebisha na funguo zote yuko salama kuliko mteja mwenye karatasi ya umiliki lakini asiye na nakala. Umiliki kamili unafaa kwa yule ambaye mfumo wenyewe ndio biashara yake, anayetarajia kuuuzia wengine au kutafuta wawekezaji. Mwenye ghala la dengu biashara yake ni dengu.

Kuhusu nakala, wakulima wa pamba watuelewe kwa mfano wao. Mkulima akiuza pamba mbegu, nyuzi na mbegu vyote vinaondoka pamoja katika mzigo mmoja. Katika kompyuta si hivyo. Mfumo unaweza kukabidhiwa ukiwa unafanya kazi vizuri, lakini msimbo chanzo, ambao ni mbegu ya kuzalisha toleo jipya, ukabaki kwa mtaalamu. Usipotajwa, usitarajie kuukuta ndani ya mzigo.

PROGRAMU HURIA

Tovuti nyingi hazijengwi juu ya ardhi tupu. WordPress, iliyotoka mwaka 2003, ni mfano unaojulikana. Inatolewa kwa leseni iitwayo GPL, ambayo inamruhusu yeyote kutumia, kusoma msimbo, kuurekebisha na kuusambaza, kwa sharti kwamba anayesambaza toleo alilorekebisha awape wapokeaji uhuru uleule. Zipo leseni nyingine zenye masharti mepesi zaidi, kama ile ya MIT, inayotaka hasa tangazo la hakimiliki libaki mahali pake.

Hivyo mtaalamu hana uwezo wa kukuuzia umiliki wa WordPress, maana si yake. Anachouza ni utaalamu wake, muda wake, na sehemu alizoandika mwenyewe. Mteja aombe orodha ya programu za watu wengine zilizotumika na leseni ya kila moja. Iwapo kuna kiolezo au nyongeza ya kulipia kila mwaka, aandikwe nani atalipa na akaunti itakuwa ya nani. Kiolezo cha kulipia kilichochukuliwa kwa njia za panya ni bidhaa ya wizi katika duka lako, na hakipati marekebisho ya usalama kutoka kwa mtengenezaji.

MANENO YA KUWEKA KATIKA MKATABA

Mkataba wa mdomo unaweza kuwa halali chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki. Lakini ujumbe 60 wa simu, nusu yake sauti, ni ushahidi wa shida. Ukurasa mmoja wenye saini mbili unatosha kwa kazi ndogo. Kuhamisha haki, hasa, kufanywe kwa maandishi na saini kila mara. Maneno yafuatayo yanaweza kuwa mwanzo, kisha wakili ayapitie:

1. Msimbo ulioandikwa mahsusi kwa kazi hii ni ule uliotajwa katika Jedwali A. Zana ambazo Mtaalamu alikuwa nazo kabla zimetajwa katika Jedwali B na zinabaki zake.

2. Malipo yakikamilika, Mteja anapata leseni ya kudumu, isiyofutika, ya kutumia, kunakili na kurekebisha msimbo wa Jedwali A na B kwa shughuli zake, yeye mwenyewe au kupitia mtaalamu mwingine. Leseni hii itamfuata atakayenunua biashara ya Mteja.

3. Mteja hatauza wala kugawa zana za Jedwali B zikiwa peke yake.

4. Msimbo chanzo wote, pamoja na maelezo ya kuuendesha, utakabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho, na utajaribiwa mbele ya pande zote katika kompyuta isiyo ya Mtaalamu.

5. Jina la tovuti na akaunti ya seva vitasajiliwa kwa jina la Mteja tangu mwanzo.

6. Taarifa zote za wateja na wakulima ni za kutunzwa kwa niaba ya Mteja. Mkataba ukiisha, Mtaalamu atazirudisha na kufuta nakala alizobaki nazo.

7. Kabla ya malipo kukamilika, Mteja ana ruhusa ya kujaribu tu. Mtaalamu hatazima mfumo uliokwisha kuanza kazi bila taarifa ya maandishi ya siku 14.

Wanaochagua hamisho kamili watabadilisha kipengele cha pili kwa maneno haya: "Malipo yakikamilika, Mtaalamu anahamishia kwa Mteja haki zote za kiuchumi katika msimbo wa Jedwali A, na anampa leseni ya kudumu kwa zana za Jedwali B."

Kipengele cha saba kimewekwa ili kila upande ushike kitu. Mtaalamu ana kinga dhidi ya mteja anayepokea kazi na kuacha kupokea simu. Mteja ana kinga dhidi ya kufungiwa mfumo katikati ya msimu.

KWA WATAALAMU WETU

Vijana wa Simiyu wanaoandika msimbo nao wafikirie maslahi yao. Anayesaini hamisho kamili bila Jedwali B anaweza kujikuta ameuza zana zake zote kwa mteja wa kwanza, na kila mteja anayefuata akawa anauziwa mali ya mtu mwingine. Tena anayeajiriwa kwa mshahara aulize mwajiri kuhusu kazi anazoandika usiku nyumbani kwake. Na mtaalamu anayemleta mwenzake kumsaidia achukue saini ya mwenzake pia. Huwezi kumhamishia mteja haki ambazo ziko kwa msaidizi wako.

Bei nayo itajwe kwa mafungu: kazi ya kuandika, leseni au hamisho, matengenezo ya kila mwezi, na gharama za jina na seva. Mteja akiona mafungu, hubishana juu ya kitu kinachoonekana. Akiona tarakimu moja, hubishana juu ya uaminifu wako.

MASWALI YA KUJIPIMA

Aliye na tovuti tayari aketi leo na karatasi, ajibu haya:

1. Jina la tovuti yangu limesajiliwa kwa nani, na muda wake unaisha lini?

2. Neno la siri la seva ninalo mimi, au ninaambiwa tu kwamba lipo?

3. Nakala ya msimbo chanzo iko wapi, na imewahi kujaribiwa?

4. Maandishi yapi yananiruhusu kumpa mtaalamu mwingine aurekebishe mfumo?

5. Mtaalamu wangu akiacha kazi hii wiki ya kwanza ya msimu, biashara itasimama siku ngapi?

Anayekosa jibu kwa maswali mawili au zaidi ampigie mtaalamu wake wakati bado wanaelewana. Makubaliano ya nyongeza, ya ukurasa mmoja, yanaweza kusainiwa hata kama kazi ilikwisha mwaka jana. Inafaa yafanyike miezi hii ya palizi, wakati maghala hayajafunguliwa na kila mtu ana nafasi ya kukaa chini na kusoma anachokisaini.